Mlango wa Magesa Uliojikunja

Ile siku Magesa aliitwa mwizi mbele ya kijiji kizima bado iko kichwani mwangu, mwanangu. Tulikuwa vijana, Ujamaa umepamba moto, kijiji chetu kiko kando ya barabara ya kwenda Butiama. Magesa alikuwa rafiki yangu, ndiye fundi seremala wa kijiji. Alikuwa ametengeneza mlango wa ghala la pamba. Haukukaa sana, ukajikunja! Haufungi. Mbuzi wanaingia, wanalala juu ya pamba ya wananchi kama wako nyumba ya wageni.

Mkutano ukaitwa. Mwenyekiti akasimama: "Ndugu zangu, mbao nzuri huyu ameziuza sokoni Mwigobero, sisi katupigilia takataka. Mkutano ujao asipojieleza, anaondoka kijijini."

Mimi nilikuwaga na hasira za karibu. Nikaruka. "Rudia! Rudia hilo neno uone!" Mikono ya shati nimeshaikunja.

Bibi Shamba, yule mama aliyekuwa anatufundisha kilimo, akanikamata ukosi. "We kijana, kaa chini. Ukimpiga Mwenyekiti, mlango utanyooka?"

Watu wakacheka. Nikakaa, lakini nachemka.

Mkutano ulipoisha Bibi Shamba akatuuliza mti ulikatwa wapi. Tukampeleka nyuma ya shule, kwenye mteremko wa misonobari. Akainama kwenye kisiki. "Huu mti ulikuwa umelala?"

"Umelala kabisa," Magesa akasema, "ungeangukia choo cha walimu."

"Basi angalieni." Kiini cha mti hakikuwa katikati, kimesogea upande wa juu. Upande wa chini mti umenenepa, mwekundu kama tofali. Akatuambia ndani ya mti kuna vimeng'enya, na hivyo ndivyo mafundi wenyewe. Vinaunganisha vitu vidogo vidogo kwenye kuta za seli mpaka inatokea lignini, kitu kinachofanya ubao uwe mgumu. Mti ukilala, kazi inazidi upande wa chini, lignini inakuwa nyingi, ili mti usukumwe usimame tena. "Ubao wa huko mzito, mgumu, unavutia macho. Ukikauka unasinyaa kwa urefu, unajikunja. Hata angeutengeneza nani."

Mimi mbishi, lakini masikio ninayo. Shule niliishia la nne. Baadaye nilitafuta vitabu mwenyewe, nikasoma polepole, nikakuta yule mama hakutudanganya hata kidogo.

Kipande cha gogo kilikuwa kimebaki. Tukapasua ubao mmoja upande mwekundu, mwingine upande wa juu, tukazianika mbele ya ghala, kila mtu aone. Watu wakawa wanapita kuangalia. Mwenyekiti naye anapita, anajifanya anatafuta mbuzi wake.

"Mbuzi gani, Mzee?" namuuliza. "Wako wote wamelala kwenye pamba."

Mkutano ukafika. Ubao mwekundu umepinda, mwenzake umenyooka. Nikazinyanyua juu, na safari hii sikutukana mtu. Magesa akaeleza yote.

Bibi mmoja akauliza: "Kwani nani alimwambia akate mti uliolala?"

Ni sisi wenyewe! Tulikuwa tumenyoosha mikono wote, mwanangu! Tulikubaliana miti iliyonyooka ibaki pale barabarani, wageni wa wilayani wakipita waone kijiji chetu kinapendeza. Fundi tukampa ile ya nyuma.

Mwenyekiti akajikuna kichwa. "Mkono wangu ndio ulitangulia. Magesa, nisamehe mwanangu. Kachague mti mwenyewe, hata wa barabarani."

Magesa ndiye aliyeanza kucheka, tukaangua wote. Mlango wa pili ulifunga vizuri, mbuzi wakahamia kwa Mwenyekiti.

Sasa nakwambia wewe. Rafiki yako akisemwa vibaya, simama naye, usimkimbie hata kijiji kizima kikiwa upande wa pili. Ila kelele peke yake haimwokoi. Nenda kwanza ukaangalie kitu kimeota vipi, kimetoka wapi, halafu rudi na kitu watu watakiona kwa macho. Na ukisikia kazi ya mtu imeharibika, jiulize mlimpa nini cha kufanyia.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe afya, mtama wa kutosha, sato mezani, na rafiki wa kuzeeka nao mnataniana.