Shikamoo ya Kwenye Kona

Tulikuwa waendesha baiskeli kumi kutoka Horohoro, na siku ya tatu tukawa tunaupanda mlima wa Amani. Kwenye kona kali, bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni alitupisha. Tukampita kimya, pumzi zimetuishia.

"Wajukuu zangu," akaita, "huko mtokako watu hawaamkiani?"

Kiongozi wetu, aliyetukataza kabisa kusimama kabla ya kufika kileleni, akageuza baiskeli, akateremka hadi kwa bibi, akavua kofia ngumu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na wenzio?"

Tukateremka wote, tukamwamkia mmoja mmoja, tukaanza upya.

Wapo watakaosema tulipoteza muda. Kona ile nimeipanda mara mbili, na ninayojivunia ni ya pili.