Nyumba ya Kumi na Tatu

Mduara hakupewa jina hilo na maadui. Alijipa mwenyewe, maana alipenda kujicheka kabla wengine hawajamwahi. Tumbo la mviringo, kipara cha mviringo, na kazi yake ndiyo usiseme: kupima mabaki ya nyumba za mviringo za mawe zilizoachwa mlimani na watu wa kale, watu wasioacha hata herufi moja. "Maisha yangu yote napima nyumba za marehemu," alikuwa akisema, "na hakuna hata mmoja aliyenikaribisha chai."

Watu walicheka. Mkewe hakucheka. Walikuwa na kiwanja nyuma ya soko, walichokinunua kabla kitinda mimba wao hajazaliwa, na mpaka leo kimeota majani tu, huku wao wakihama kutoka chumba cha kupanga hadi chumba cha kupanga. Kila mwaka Mduara aliapa: nikimaliza mlima huu, tunachimba msingi. Mlima wenyewe haukwisha.

"Mganga hajigangi," alijitetea.

"Mganga gani wewe?" mkewe akamjibu. "Hata dawa ya kikohozi huna."

Sasa zilibaki wiki chache astaafu, na mama wa watu akaanza kupumua. Ndipo, balaa gani hili, Mduara akagundua nyumba ya kumi na tatu.

Zile kumi na mbili zilijulikana zamani. Kila moja ni duara la mawe lililozama nyasini, na milango yote, yaani mapengo yaliyoachwa kwenye maduara, ilitazama mashariki, ikiupa upepo mgongo. Hii mpya ilijificha nyuma ya mwamba, ndogo, mawe yake yameota kuvu la kijivu, na mlango wake ulielekea magharibi, upepo unakotoka. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mduara alikuwa na elimu. Akaandika kwamba hapo alikaa mkuu wa kijiji, jasiri asiyeogopa baridi, na kwamba huenda palikuwa mahali pa ibada. Katika fani yao kitu kisichoeleweka huitwa cha ibada, basi, kila mtu anakwenda kula.

Ofisi nzima ikafurahi. Mkuu wa ofisi, mwanamama aliyefundishwa kushika futi kamba na Mduara huyohuyo, akasema kesho yake atapanda mwenyewe kuiona. Akiridhika, Mduara ataongezewa mkataba wa miaka mitano aichimbe. Mduara alimpa mkewe habari hiyo huku ameikazia macho sahani.

"Na kiwanja?" mkewe akauliza.

"Kiwanja hakikimbii."

"Kweli, hakikimbii. Wala hakizeeki. Ninayezeeka ni mimi." Akakusanya vyombo. "Kesho tunapanda wote. Nataka nimwone huyo mke mwenzangu."

Wakafika juu kabla ya Mkuu wa ofisi. Mkewe akajitupa juu ya jiwe, anahema, mtandio unampiga usoni kwa upepo. Akatazama jiwe, akatazama mlango, akatazama mwamba. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe mzee, huoni haya? Hii si uliijenga wewe?"

"Nilijenga nini?"

"Si wakati unanichumbia! Ulinileta nione kazi yako, upepo ukatuzidi, ukasema, nakujengea nyumba sasa hivi. Ukabeba mawe kama punda. Nikakwambia mlango umeukabili upepo, ukaniambia mtaalamu ni wewe. Tukakoka moto wa chai, moshi wote ukatuingia machoni!"

Mduara akainama, akagusa jiwe la mlangoni. Sasa alikumbuka vizuri, na zaidi alikumbuka mawe yale aliyatoa wapi: kwenye nyumba ya saba, palepale chini ya mwamba. Nyumba ya saba ilikuwa na ukuta uliobomolewa upande mmoja, na yeye mwenyewe aliandika ripoti ndefu kwamba ilivamiwa na adui. Uvamizi ulikuwepo kweli. Adui ndiye huyu mwenye kipara.

Mkuu akatokeza pale chini, anapanda polepole. Siri ilijulikana na watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa anafunga mtandio wake upya. Hakumwomba mumewe lolote. Alionekana amechoka, basi.

"Shikamoo, mwalimu," Mkuu alisema alipofika. "Ndiyo hii?"

"Marahaba. Ndiyo hii. Mkuu wa kijiji ni mimi, malkia ni huyu hapa, na ibada yenyewe ilikuwa chai." Akaeleza yote, na uvamizi wa nyumba ya saba hakuuficha.

Mkuu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua ramani, akatoa ufutio. "Pole, mwalimu. Hii ya kumi na tatu inabidi niifute."

"Usiifute kwanza, mwanangu," mama akasema. "Ndiyo nyumba pekee aliyowahi kunijengea."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana maneno yale yalimchoma mumewe. Kwa kila jambo Mduara alikuwa na mzaha wake. Alitafuta wa jambo hili, akaukosa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alikuwa amepima milango maisha yake yote na hajawahi kumuuliza mtu aliye hai.

"Kule kiwanjani," akasema, "ungependa mlango utazame wapi?"

Mkewe akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mashariki," akasema. "Moshi ule ulinitosha."