Vijana Niliowapitisha Getini

Jambo hili nimelificha hata kwa jamaa wa msikitini, na kama si mjukuu wangu kulisikia huko Kimara na kuanza kulisimulia kwa kulitia chumvi, ningelinyamazia mpaka naingia kaburini. Basi bora mnisikie mwenyewe. Chekeni mnapotaka kucheka, ila msiharakishe, maana mwisho wake hata mimi sijui kama ni wa kuchekwa.

Kazi yangu mnaijua. Kufundisha madrasa hapa Magomeni nimestaafu, lakini kuosha maiti sijastaafu, na ule mfuko wangu mweusi watoto wa mtaani wanaufahamu kiasi kwamba nikipita nao wanahamia upande wa pili wa njia (na mama zao pia, ingawa wao hujifanya wanakwenda dukani). Ndani mna sanda, pamba, kafuri na udi, na alhamdulillahi miaka yote haujawahi kunitia aibu. Asubuhi hiyo Omari alinipigia simu kunieleza kwamba baba yake, Mzee Saidi, amefariki alfajiri nyumbani kwake Kimara na wanazika baada ya adhuhuri. Mzee Saidi, fundi wa milango, alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa vijana Newala, na tulipokuja mjini tuliahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamwosha kwa mkono wake na atashuka kaburini kumpokea. Kwa hiyo siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani ila nifike Kimara kwa wakati.

Nikaenda kituo cha mabasi ya mwendokasi. Foleni ilikuwa ndefu, lakini mlinzi ana desturi ya kutufungulia wazee lile geti pana la pembeni, nikagusisha kadi yangu, naye akalisukuma. Hapo ndipo nikasikia salamu nyuma yangu, sauti nne kwa pamoja, za upole kama za watoto waliolelewa vizuri. Asalaam alaykum, babu. Kanzu nyeupe, kofia nyeupe, mikono imekunjwa kifuani. Mmoja akasema, "Unakwenda kuzika, babu? Tuko pamoja na wewe."

Nikajua (yaani nilidhani) kwamba imamu amewatuma wanisindikize, kama vijana wa msikitini wanavyofanya pakiwa na kaburi la kuchimba. Mlinzi akaniuliza, "Mzee wangu, hawa uko nao?"

Sasa nielezeni nyinyi. Watu wamevaa kanzu, wanakwenda msibani, mimi mwosha nigeuke niwaambie toeni kadi zenu kwanza? Nilimjibu mlinzi, "Niko nao, mwanangu." Wakapita, na kadi ya hata mmoja wao haikugusa mashine. Nililiona hilo, nikanyamaza, nikijiambia kwamba mtu anayekwenda kumzika mwenzake hatiwi aibu getini.

Ndani ya basi mmoja aliniomba anibebee mfuko, akauweka mapajani mwake. "Msiba uko wapi hasa, babu?" akauliza, nami nikamwelekeza kila kitu, pa kupanda mlima, penye kisima, penye geti la bluu. Akaitikia tu, "Tutafika." Wale wengine watatu hawakukaa. Walikuwa wanatembea polepole katikati ya watu, huyu akija huyu anakwenda, bila neno, bila hata viatu vyao kusikika, na kila mmoja akipita karibu yangu nilisikia harufu ya udi, udi ule ule tunaofukizia sanda. Mwili ulinisisimka, nikasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, kisha nikajisuta: mzee mzima, unawaogopa watoto wa Mungu kwa sababu wana adabu?

Tulipokaribia Kimara Mwisho msichana mmoja akaanza kulia kwamba simu yake haipo, na mwanamume mmoja akajipapasa akasema na yake pia. Kijana akanirudishia mfuko kwa mikono miwili, kwa heshima. Nikauona mzito, nikasema hii ndiyo miaka. Nje walinzi walikuwa wanawapekua vijana wote, na wale wangu wakainua mikono bila ubishi. Mifukoni mwao hamkuwa na kitu. Mlinzi mwingine akaunyooshea mkono mfuko wangu. "Mna nini humu, mzee?" Nikamwambia, "Sanda, mwanangu." Akaurudisha mkono wake kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, akanipisha. Omari alikuwa amenitumia bajaji, ikanichukua hapo hapo. Nilipogeuka kuwaita wale vijana niliona kanzu nyeupe tu zimesimama kando ya barabara, zinaniangalia ninavyoondoka.

Msibani walikuwa wananingoja. Nikaingia nyuma ya pazia na Omari na mdogo wake Juma, tukamfunika Mzee Saidi shuka, mfuko nikausukuma chini ya kitanda, nikaomba maji. Nyumba ilikuwa kimya isipokuwa sauti za wanawake wakisoma Yasini chumba cha pili. Nikamwagia bega la kulia. Ndipo kitanda kikaanza kutetemeka.

Kilitetemeka kidogo, kikatulia, kikatetemeka tena. Juma akaniangalia. "Baba mkubwa," akasema kwa sauti ndogo, "baba amesogea." Nikamwambia maiti hasogei, mwagia maji. Kikatetemeka tena, safari hii na mlio mzito, kama mtu anayeguna kabla ya kusema, na sauti ilitoka chini ya maiti, naapa, chini yake kabisa. Yasini ikakatika chumba cha pili. Juma akaacha kata ikaanguka, akatoka mbio na pazia shingoni, na waliokuwa barazani walipomwona hivyo nao wakatawanyika, wengine wakiacha viatu. (Mimi mwenyewe sikukimbia, lakini nisijisifu, miguu ilikuwa imekataa.)

Halafu muziki wa singeli ukalia. Singeli, ndugu zangu, chini ya kitanda cha kuoshea. Haijaisha ikadakia simu nyingine, na nyingine, na mwanga ukawa unawaka ndani ya mfuko wangu. Omari akaufungua. Juu ya sanda ya baba yake kulikuwa na simu zimerundikana, nyingine zikiwaka majina ya wapigaji, na moja imeandikwa Mama. Akaigusa ili aizime, badala yake akaipokea, na sauti ya kike ikajaa chumbani: "Wewe mwizi, Mungu anakuona hapo ulipo."

Omari akanigeukia. "Baba mkubwa, hizi ni za nani?"

"Za vijana niliokuja nao."

"Umekuja na bajaji. Umekuja peke yako."

"Wanne. Wamevaa kanzu nyeupe."

Akafungua dirisha. Uwanja wote, watu waliokuwa wanarudi mmoja mmoja kutafuta viatu vyao, walikuwa wamevaa kanzu nyeupe. Akaniuliza ni yupi. Nikatazama, nikatazama tena, ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimemwangalia hata mmoja usoni. Nilijua kanzu, nilijua salamu, nilijua harufu ya udi, na harufu hiyo sasa ilikuwa imetanda nyumba nzima.

Mjumbe wa mtaa akaja akasema mzee atoke, aitwe mwosha mwingine, na huyu apelekwe kituo cha polisi. Sikubishana. Nilikuwa nimeanza kunawa mikono yangu aliposema Bi Zainabu, mjane, kutoka upande wa pili wa pazia, "Muacheni amalize. Mume wangu alimtaka yeye."

"Lakini, Bi mkubwa, mtu huyu..."

"Nimesema amalize. Shemeji, endelea."

Nikaendelea. Simu zilipelekwa barazani, zikawa zinalia huko, na mimi namwosha rafiki yangu huku mama za watu wanapiga na kupiga. Nikamkausha, nikamtia kafuri na pamba, nikamfunga sanda vizuri. Hiyo nusu ya ahadi niliitimiza. Tulipotoka, jeneza likainuliwa na watu wakasongamana kulipokezana kama ilivyo kawaida, kila mtu akitafuta thawabu, na mjumbe alikuwa amenishika kiwiko ananivuta upande mwingine. Katika msongamano ule mtu akaniinamia sikioni. Pumzi yake ilikuwa baridi, au labda mimi ndiye niliyekuwa na joto. "Babu, usihangaike," akasema. "Mzee tutamfikisha."

Nikageuka. Migongo myeupe tu, chini ya jeneza, inakwenda.

Kituoni nilikaa kwenye benchi na mfuko wangu mtupu. Mlinzi wa Magomeni alipopigiwa simu alinikumbuka vizuri sana, akasema ndiyo, mzee huyo mwenyewe alisema yuko nao, na askari akaniambia bila ukali, "Mzee wangu, walikwepa nauli kupitia kwako, ukawa mlango wao." Wakati rafiki yangu anaswaliwa, nilikuwa naandikisha maelezo. Yule msichana wa kwenye basi ndiye aliyeniokoa. Alikuja kuchukua simu yake, akasema babu huyu alikuwa amekaa muda wote, hakuinuka, mwachieni mzee wa watu.

Nikafika makaburini alasiri. Watu walikwishaondoka, udongo umemwagiwa maji, Omari amebaki peke yake anaokota majembe. Nikamwomba radhi kwamba sikushuka kumpokea baba yake. Akaniangalia kwa mshangao.

"Si ulimtuma kijana wako?"

"Kijana yupi?"

"Alikuja ukingoni akasema, babu amenituma nishuke badala yake. Tukampisha. Alimpokea baba upande wa kichwa, akamlaza ubavu wa kulia, akafungua mafundo ya sanda, akasoma dua yote bila kukosea, nikasema kweli huyu amefundishwa na baba mkubwa."

Nikamwuliza uso wake ulikuwaje. Omari akafikiri, jembe mkononi.

"Sikuangalia," akasema. "Nilikuwa namtazama baba."

Tangu siku hiyo mlinzi wa geti akiniuliza namjibu kwamba niko peke yangu, hata kama nyuma yangu yupo imamu mwenyewe. Na kijana nisiyemfahamu akinipa salamu, naushika mkono wake siuachii mpaka nimeusoma uso wake wote, nimemwuliza jina lake na la mama yake. Najua wananiita mzee aliyechanganyikiwa. Ninamtafuta mmoja tu. Nikimpata sijui kama nitamwita askari au nitamshukuru, lakini kwanza nitamwuliza ile dua alisomea wapi, na kila swala namwomba Mungu kijana yule asije akanitajia madrasa yangu.