Wiki Mbili za Baba

Juzi, nikiwa kwenye foleni katika ofisi moja Bomani, mama mwenye hoteli ya chakula alimpa afisa kazi mkataba mpya wa mpishi wake. "Redio ikitangaza sheria imebadilika, nami nabadilisha siku hiyohiyo," alisema, akinyoosha karatasi kwa kiganja.

Afisa akasoma, akavua miwani. "Baba aliyepata mtoto, likizo wiki mbili? Unasikiliza redio gani?"

"Ya Kenya. Ndiyo inashika vizuri."

"Huku kwetu ni siku tatu, mama."

"Sasa nifanyeje? Mpishi alishamaliza wiki zote mbili, amefua nepi zote."

"Sheria haikukatazi kuzidisha."

Waajiri wengi hulia kwamba sheria zinawaacha nyuma. Huyu alikuwa amezipita. Nyuma yangu, mwanamume aliyekuja kumshtaki bosi wake akamsogelea.

"Shikamoo mama. Hoteli yako iko wapi?"