Haluli Kabla ya Kipimo

Mwaka tisini na sita, nikiwa na miaka thelathini na nne, tumbo langu lilianza kutoa damu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimepata kizimba Kariakoo, nauza vitenge. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imefungua milango, mali inaingia kila siku, na mimi nashinda chooni. Mteja anapapasa kitambaa, nakimbia. Nikirudi, yuko kwa jirani.

Miaka ile naikumbuka kama niliiota. Damu ikipungua, mtu anaona mambo. Nilikuwa naegemea majora, na ndege waliochapwa kwenye vitenge wanaanza kuruka taratibu, kelele za Mtaa wa Msimbazi zinanifikia kutoka mbali, kama ziko chini ya maji. Sidanganyi, nilikuwa naona raha.

Daktari wangu alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa mjini hapahapa. Vidonge viliponichosha, akataka kunipitishia nyuma bomba lenye kamera.

"Daktari, huko hakupiti mtu."

Akacheka. Akaniambia kuna kipimo kipya: choo kinatiwa kwenye kikopo, kinapelekwa nje ya nchi, wanatafuta protini inayoachwa na chembe nyeupe za damu zinapojazana kwenye utumbo uliovimba. Ikiwa nyingi, moto mkubwa. Ikiwa kidogo, moto umepoa.

"Moto ukiwa mkubwa, unakubali bomba. Ukiwa mdogo, sikugusi."

Tukapeana mkono.

Sasa mimi mtu wa pwani. Kwa mtu wa heshima huendi mchafu. Nikanywa haluli, nikaharisha mpaka nikatakata, nikaoga, kikopo nacho nikakifukiza ubani.

"Unapeleka posa?" mke wangu akauliza.

Daktari alikiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba, haya maji ya mto Ruvu?"

"Nimejisafisha, Daktari."

"Nani kakutuma? Mimi nataka uchafu wako, wewe unaniletea adabu! Maji hivi yanazimua kipimo. Kitasema umepona, na wewe unaungua. Nenda kale, uende choo kama siku zote."

Cha pili nilikipeleka kama kilivyo. Jibu likaja: moto mkubwa. Na mkono nilikuwa nimeshatoa. Nikalala kitandani, wakanidunga sindano ya usingizi, na vitenge vyangu vyote vikapita darini, polepole, na ndege wake. Nilipozinduka niliambiwa vidonda vimeonekana. Dawa zikabadilishwa. Baada ya hapo kikopo nilikibeba mchana kweupe, na kila jibu likarudi chini kuliko lililopita, kama maji yanavyokupwa. Ndege nao wakatulia kwenye vitambaa vyao. Siku nyingine nawakumbuka.

Shule niliishia darasa la nne. Leo nina duka la jumla Kariakoo, nyumba Magomeni, choo cha ndani chenye mlango wa mninga, mke yuleyule, na utumbo wangu wote, haujakatwa hata inchi.