Mlango wa Dereva

Watu husema nyeupe ni nyeupe. Wanakuja kwenye banda langu hapa Baraka na kopo la rangi walilonunua sokoni, wanataka nipake mlango mmoja wa gari huku wakisubiri pembeni na soda mkononi. Nikikataa, nina maringo. Lakini gari jeupe lililokula jua na vumbi la Fizi kwa miaka si jeupe tena. Lina umanjano wa mbali, lina ukijivu, na ukilipaka nyeupe ya kopo, mlango ule unachomoza kama jino la bandia. Halafu wanarudi kunilaumu mimi.

Gari la kaka yangu lilikuwa la aina hiyo. Alibebea abiria na mihogo kati ya Baraka na Lubondja, hadi siku watu wenye bunduki walipotaka kumsimamisha njiani naye akakanyaga mafuta. Risasi zilipita kwenye mlango wa dereva. Tulipotoka kumzika, mjomba alituita nyuma ya nyumba.

“Mama yenu iko na tansio, damu yake inapanda,” alisema. “Mumwambie ni malaria. Akijua ni risasi, roho yake itasimama, tutazika bantu babili, mutoto na mama.”

Basi mama, ambaye yuko Lubondja, akaambiwa malaria. Alikuja baada ya maziko, akalia, akarudi kwenye shamba lake. Mimi nililifunika gari kwa turubai nyuma ya banda, nikaendelea na kazi za watu. Majirani walikuwa wakiniuliza kama napata usingizi. Nilikuwa nalala vizuri, nakula vizuri, na moyoni sikusikia kitu. Nilikuwa nimekufa ganzi, hata nikaanza kujiogopa.

Siku za kumaliza kilio zilipokaribia, mama akatuma neno kwamba anataka kushuka Baraka ndani ya gari la mtoto wake. Pikipiki hataki. Mjomba akanitazama, kisha akalitazama turubai.

Nikaondoa turubai. Niliziba matundu kwa vipande vya bati, nikapaka mastiki ya kusawazisha, nikasugua mlango mzima kwa msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwama popote. Kisha rangi. Fundi mvivu hufungua kifuniko cha tanki la mafuta na kufuatisha rangi ya ndani yake. Jua halijawahi kuingia humo. Ile ni rangi ya gari likiwa jipya. Mimi nilifuatisha mlango wa nyuma, uliozeeka pamoja na ule wa mbele. Nilichukua nyeupe, nikatia njano tone moja, nyeusi ya ncha ya kijiti, na wekundu ambao usingeuona hata ningekuonyesha. Nikapulizia kwenye kipande cha bati na kungoja kikauke, maana rangi mbichi hudanganya. Nikakipeleka nje juani, maana kivuli cha banda nacho hudanganya. Rangi haikukubali. Nikachanganya tena, na tena, mpaka nilipokiweka kile kipande juu ya mlango wa nyuma nikawa sioni kinapoanzia. Nilifurahi, nasema ukweli. Nilipulizia mlango wote nikiwa na furaha ya kazi tu, bila kukumbuka nani alikuwa akikaa nyuma yake.

Nikaliendesha gari hadi Lubondja peke yangu. Mama alikuwa amesimama kando ya barabara na kitenge chake cha kanisani na ile bangili ya shaba asiyoivua hata shambani. Hakwenda upande wa abiria. Alikuja upande wangu, akaweka mkono chini ya dirisha, kama alivyofanya kila mara kaka alipokuwa anaondoka. Alikuwa akishika mlango namna hiyo, anaaga, anakumbuka neno lingine, anaaga upya, na kaka ndani anacheka huku gari linanguruma.

Kidole gumba chake kilipapasa rangi.

“Alama yangu iko wapi?” aliuliza. “Bangili yangu ilikwaruza hapa. Kaka yako alikatala bayitengeneze.”

Nilikuwa nimeiona. Mistari myembamba, mingi, mahali pamoja. Kwa fundi mkwaruzo ni mkwaruzo, niliisugua pamoja na mingine.

“Mulango ilikuwa na kutu, mama.”

“Kutu ku mulango moja tu?”

Kiganja chake kikashuka taratibu mpaka pale palipokuwa na matundu, kikapita juu yake, kikapanda tena. Hakikukuta kitu. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri.

“Mulisema malaria,” alisema.

Nilitazama usukani.

“Aliumia sana?”

“Hapana, mama. Alienda mara moja.”

Nilimkodolea macho, nikingoja aanguke. Hakuanguka. Alipumua, akashika mlango vizuri chini ya dirisha, akaanza kuburuza bangili juu ya rangi mpya, kwenda na kurudi, pale pale. Shaba ilikuwa inalia kwenye bati. Mimi huwafokea hata wateja wanaoegemea gari nililolimaliza. Nilizima injini nimwachie nafasi, na hapo nikaona machozi yanadondokea shati.

“Ngoja kidogo, mwanangu,” alisema. “Bado.”