Alama za Madirisha za Jemimah

Jemimah Obwocha alifundisha kuchora kwa miaka sita katika shule ya msingi huko Mosocho kabla ya Indravadan, mwenye karakana ya grili za madirisha mjini Kisii, kumwajiri apokee oda. Kazi yenyewe ilimchosha roho. Kila mteja alikuja na mchoro wake, huyu nyuma ya kalenda, yule kwenye pakiti ya unga. Mstari wa mawimbi kwa mmoja ulikuwa nondo iliyosokotwa, kwa mwingine ua. Machogu, fundi wa kuchomelea, alibaki kukisia, na grili zikawa zinarudishwa.

Basi mwaka wa 1994 Jemimah akaanza kuhifadhi kila mchoro. Ilipofika sabini na kitu, aliitandaza sakafuni akatafuta mambo ambayo wateja wote walikuwa wakiyasema, kila mtu kwa mkono wake. Humo akapata alama kumi na moja: ya nondo iliyonyooka, ya iliyosokotwa, ya ua, na kadhalika. Akaweka na sheria: chuma lazima kiishie kwenye fremu au kwenye chuma kingine. Wateja aliwaonyesha alama zote. Waliyoikunjia uso, aliifuta akaichora upya.

"Siku hizi nasoma dirisha kama gazeti," Machogu alimwambia.

Kisha ikaja oda ya bweni la wasichana huko Sironga, madirisha ishirini na manne. Jemimah aliyachora kwa alama zake, akampa Machogu. Siku ya kukata chuma, matroni wa bweni, Gesare, akaingia akihema, karatasi mkononi.

"Mwalimu, unisamehe, nimechelewa. Nimechora lile dirisha la mwisho, la upande wa nyuma. Hilo lifunguke. Moto ukishika mlangoni, watoto watatokea wapi?"

Jemimah aliitazama nusu duara ambayo Gesare alikuwa ameichora kando ya fremu. Katika michoro yote ile hapakuwa na grili hata moja ya kufunguka, kwa hiyo alama zake hazikuwa na namna ya kulisema jambo hilo. Madirisha yote ishirini na manne alikuwa ameyachorea grili zisizofunguka. Akatoka mbio hadi uani.

"Machogu! Umeshakata?"

"Nikate na nini, dada? Stima imepotea tangu asubuhi."

Jemimah aliketi juu ya rundo la mabomba, akacheka huku machozi yakimlengalenga.

Nusu duara ya Gesare ikawa alama ya kumi na mbili. Ilianzia kwenye bawaba na kupindia nje, kwa kuwa, alivyoeleza Gesare, mtoto aliyeshikwa na hofu husukuma, havuti. Machogu aliusoma mchoro mpya kwa sauti, mstari kwa mstari, bila kuuliza swali.

Grili zilipokwisha kufungwa kule Sironga, Gesare alizungusha ufunguo wa lile dirisha la nyuma, akasukuma kwa mkono mmoja. Grili ikafunguka yote, ikasimama nje kwenye bawaba zake, juu ya nyasi.

"Hebu tena," Jemimah akasema.

Gesare akairudia mara tatu.